Shahnama ya Shah Tahmasp: kitabu kimoja kilichotawanyika

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Nilipokuwa nikiandaa somo la tenzi za mashujaa, nilikutana na picha ya Kiajemi iliyojaa watu, majabali na maandishi, na maelezo yake yalisema ni karatasi ya "Shahnama ya Shah Tahmasp" iliyoko New York. Baadaye nikaiona nyingine yenye jina hilohilo iliyoko Toronto, na nyingine Tehran. Je, hivi ni vitabu vingi vyenye jina moja, au ni kitabu kimoja kilichochanika? Kama ni kimoja, nani alikichana, na karatasi moja peke yake inaweza kumweleza nini mtu asiyesoma Kiajemi?

JIBU: Mwalimu, ni kitabu kimoja. Hakikuraruliwa vitani, hakikuungua, wala hakikuliwa na mchwa. Kilidumu kikiwa kizima kwa karne nne, kikavuka mpaka wa dola mbili zilizozoea kupigana, kisha kikafumuliwa katika karne ya 20 na mtu aliyekimiliki kihalali, tajiri aliyejulikana kwa mapenzi yake ya vitabu. Nitakueleza kwanza kilivyotengenezwa, kwa sababu swali lako la mwisho, lile la karatasi moja kusimama peke yake, halijibiki bila kujua jinsi maandishi na picha zilivyounganishwa tangu karatasi ilipokuwa tupu.

Utungo wenyewe, Shahnama, yaani "Kitabu cha Wafalme", ni wa Abulqasim Firdausi, mtu wa Tus katika Khurasan, kaskazini mashariki mwa Iran ya leo, aliyeukamilisha yapata mwaka 1010. Una beti karibu 50,000, na kila ubeti una vipande viwili vinavyolingana mizani na kukubaliana kwa kina. Kina hicho hubadilika ubeti hadi ubeti, na ndiyo maana mshairi aliweza kusimulia kwa urefu wote huo bila kubanwa. Masimulizi yanaanza na Kayumars, mfalme wa kwanza wa dunia, na yanaishia pale majeshi ya Waarabu Waislamu yalipoiangusha dola ya Wasasani katika karne ya 7. Katikati ndimo walimo wale ambao wanafunzi wako wangewapenda mara moja: Zahhak aliyeota nyoka wawili mabegani, Zal aliyetupwa mlimani kwa kuzaliwa na nywele nyeupe akalelewa na ndege Simurgh, na Rustam mwana wa Zal, shujaa aliyemuua mwanawe Suhrab uwanjani bila kujua ni mwanawe.

Kwa watawala wa Iran, kuagiza nakala mpya ya utungo huu ilikuwa sehemu ya kujitambulisha kuwa mfalme. Shah Ismail, mwasisi wa ukoo wa Safawi, alijitangaza mtawala mjini Tabriz mwaka 1501, na ukoo mpya wenye kiti kipya ulihitaji kujiunga na mlolongo mrefu wa wafalme anaowataja Firdausi. Wataalamu hawajaafikiana iwapo kazi ya kitabu hiki ilianza kwa amri ya Ismail au ya mwanawe Tahmasp, aliyerithi kiti mwaka 1524 akiwa na umri wa miaka 10. Kilicho wazi ni kwamba ndani ya kitabu mna nakshi ya duara kama jua, iitwayo shamsa, ambayo imekitaja kitabu kuwa ni cha hazina ya Shah Tahmasp, na kwamba moja ya picha zake imeandikwa mwaka 934 wa Hijria, sawa na 1527 hadi 1528. Kazi iliendelea hadi katikati ya miaka ya 1530. Ilipokamilika, kitabu kilikuwa na karatasi 759 na picha 258, kila karatasi ikiwa na urefu wa sentimita 47 hivi na upana wa sentimita 32 hivi. Hakuna Shahnama nyingine ya kifalme iliyowahi kupewa picha nyingi zenye ubora wa kiwango hicho.

Kitabu cha namna hii hakikuwa kazi ya mtu mmoja. Mfalme alikuwa na karakana ya vitabu ndani ya jumba lake, na humo walikusanyika watengeneza karatasi, wanakili, wachoraji, watia dhahabu na wajalidi, wakiongozwa na msimamizi aliyepanga kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Karatasi, iliyotengenezwa kwa matambara na nyuzi za mimea, ilipakwa wanga ili isinywe wino, kisha ikasuguliwa kwa jiwe laini hadi ikang'aa na kalamu ikateleza juu yake bila kukwama. Ili kupata mistari, mnakili aliiweka karatasi juu ya ubao uliotandazwa nyuzi zilizokazwa, akaibonyeza kwa kidole, na alama hafifu za nyuzi zikamwongoza. Wino ulikuwa wa masizi na gundi, kalamu ilikuwa ya tete iliyochongwa ncha, na mwandiko ulikuwa nastaliki, ambao maneno yake huinama kidogo na kuteremka kuelekea kushoto. Beti zilipangwa katika safu nne, kwa hiyo mstari mmoja wa ukurasa unabeba beti mbili.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike. Mnakili hakuandika kitabu kizima kisha wachoraji wakatafuta pa kupachika picha. Mahali pa picha paliamuliwa mapema, na mnakili akaacha nafasi tupu, wakati mwingine ukurasa karibu mzima, huku akibakiza visanduku vidogo vya beti ndani ya nafasi hiyo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba ubeti unaosema tendo fulani unafika ukurasani pale picha ya tendo hilo inapoanza. Katika vitabu vingi vya jadi hii utaona mnakili akipunguza mwendo kabla ya picha, akiziandika beti kwa kuzilaza kimshazari au akiongeza vichwa vya habari vilivyonakshiwa, ili asiwahi kufika. Msomaji aliyekuwa akisoma kwa sauti mbele ya mfalme alifika kwenye ubeti na picha kwa pamoja, akafunua karatasi, hadithi ikaendelea.

Baada ya mnakili alikuja mchoraji. Alichora kwanza kwa wino mwembamba, na pale alipotaka kurudia umbo lililokwisha kuchorwa vizuri alitumia ngozi nyembamba iliyotobolewa vitundu vingi kwa sindano, akapitisha unga wa makaa juu yake, na umbo likabaki kama vidoti kwenye karatasi mpya. Rangi zilisagwa humohumo karakanani na kuchanganywa na gundi: buluu ya jiwe la lazuli kutoka machimbo ya Badakhshan, nyekundu inayotokana na zebaki na kiberiti, manjano yenye arseniki, nyeupe ya risasi, na kijani cha shaba, ambacho kina tabia mbaya ya kuila karatasi taratibu hadi ikakatika. Dhahabu ilisagwa na kupakwa kwa burashi kama rangi nyingine, kisha ikasuguliwa ikang'aa. Fedha pia ilitumika, hasa kwa maji. Ukitazama mchoro wa Kiajemi ukaona kijito chenye rangi ya kijivu iliyokaribia weusi, usidhani mchoraji alikusudia maji machafu. Hiyo ni fedha iliyopoteza mng'aro kwa miaka, na siku ya kwanza ilimetameta. Burashi ndogo kabisa zilikuwa na nywele chache za paka au kindi, na kwa hizo mchoraji aliweza kuonyesha ndevu za mtu ambaye kichwa chake chote ni kidogo kuliko ukucha. Mtia dhahabu alimalizia kwa vichwa vya habari, mistari ya rangi inayouzunguka ukurasa, na vipande vya dhahabu vilivyonyunyizwa pambizoni.

Wachoraji waliokusanyika Tabriz walitoka katika jadi mbili. Mmoja ulikuwa mtindo wa Tabriz yenyewe, wenye nguvu, mimea minene na mazimwi ya kutisha. Wa pili ulikuwa wa Herat, mji ambao Tahmasp alilelewa na ambao bwana wake mkubwa alikuwa Bihzad, mtindo wa utulivu na vipimo sahihi. Kuchanganyika kwa mitindo hii ndiko kulikozaa kitabu. Picha nyingi hazina saini, lakini majina makubwa yanajulikana: Sultan Muhammad, Mir Musavvir na Aqa Mirak. Mwaka 1544 Dust Muhammad, ambaye mwenyewe alichora katika kitabu hiki, aliandika dibaji ya mkusanyiko mmoja wa michoro na humo akaitaja picha ya Sultan Muhammad yenye watu waliovaa ngozi za chui, akisema kwamba iliwafanya wachoraji wengine wainamishe vichwa kwa haya.

Picha hiyo ipo, na ndiyo iliyoko Toronto, katika Makumbusho ya Aga Khan. Inaonyesha baraza la Kayumars. Mfalme ameketi juu kileleni, mwanawe Siyamak na mjukuu wake Hushang wako karibu naye, na watu wake wameshuka pande zote mbili kama duara, wote wakiwa katika ngozi za wanyama, kwa sababu Firdausi anasema wakati huo binadamu hawakuwa bado wanajua kufuma nguo. Wanyama wakali wametulia miguuni mwao. Majabali yana rangi za waridi, zambarau na kijani, na ukiyachunguza utaona nyuso za watu na wanyama zimejificha ndani ya mawe, nyingine nzima, nyingine zikiwa jicho na pua tu. Mchoro umeuvunja mpaka wake na kupanda hadi pambizoni, kana kwamba ukurasa haukuutosha. Mimi nimeona michoro mingi ya jadi hii, na bado naamini Dust Muhammad hakuwa anamsifia rafiki.

Lakini ukurasa huo ni nyuma ya karatasi ya 20 ya kitabu. Karatasi ya 22 inamwonyesha Hushang, yuleyule mjukuu, sasa akiwa mfalme: alilirushia jiwe joka, jiwe likalikosa na kupiga jiwe jingine, cheche ikaruka, na watu wakapata moto na kufanya karamu ya kwanza ya Sada. Karatasi ya 23 inamwonyesha Tahmuras, mfalme aliyefuata, akiwashinda mashetani. Hizi mbili ziko New York. Vizazi vinavyofuatana, ambavyo msomaji wa Tabriz alivipitia kwa kufunua karatasi tatu, leo viko katika nchi mbili, na anayemwona Kayumars Toronto hawezi kufunua akajua kwamba Siyamak aliye karibu na baba yake atauawa na pepo mweusi na kwamba kisasi kitaachiwa mjukuu. Kanga ina pindo, mji na jina. Ukiikata mtu mmoja akachukua mji na mwingine akachukua jina, kila mmoja atakuwa na kitambaa kizuri, lakini hakuna aliye na kanga.

Sasa nani aliikata. Tahmasp mwenyewe alikiacha kitabu kabla ya kufa. Alipokuwa kijana aliipenda sanaa kiasi cha kujifunza kuchora, lakini kadiri alivyozeeka alizidi kushikamana na dini na kujitenga na wachoraji, na baadhi yao, akiwemo Mir Sayyid Ali mwana wa Mir Musavvir, walihamia kwa Humayun, mtawala wa Wamughal, na kuweka msingi wa uchoraji wa Wamughal huko India. Uturuki ya Kiosmani na Iran ya Kisafawi zilikuwa zimefanya amani huko Amasya mwaka 1555 baada ya vita virefu, na Sultani Suleiman alipofariki mwaka 1566, Tahmasp alikuwa na kila sababu ya kutaka amani hiyo idumu chini ya Selim II. Mwaka 1568 ujumbe wa Iran uliwasili Edirne ukiwa na zawadi nyingi, na miongoni mwa zile za thamani kubwa kabisa zilikuwa msahafu na Shahnama hii.

Kitabu kikaingia katika jumba la Topkapi mjini Istanbul na kukaa humo kwa zaidi ya miaka 200. Waosmani walikihifadhi vizuri sana, na jambo hili nalitaja kwa makusudi, kwa kuwa rangi unazoziona leo zimebaki na ung'avu wake kwa sababu kitabu kilifungwa gizani na kufunguliwa mara chache. Mwaka 1800 hadi 1801, zama za Selim III, mtumishi wa jumba aitwaye Mehmed Arif aliandika maelezo ya Kituruki kwa kila picha kwenye karatasi nyembamba zilizopachikwa mbele ya picha hizo. Bado kilikuwa kitabu cha kusomwa, tena kwa lugha ya pili.

Mwaka 1903 kikaonekana Paris katika maonyesho, kikiwa mali ya Baron Edmond de Rothschild, na mwaka 1959 ukoo huo ukakiuza kwa Arthur A. Houghton Mdogo, Mmarekani wa ukoo uliotajirika kwa vioo, mfadhili wa maktaba ya vitabu adimu katika Chuo Kikuu cha Harvard inayoitwa kwa jina lake. Hapo ndipo mshono ulipofumuliwa. Mwaka 1970 Houghton aliipatia Metropolitan Museum of Art ya New York picha 78, na zawadi kwa jumba la makumbusho humpunguzia mtoaji kodi Marekani. Mwaka 1976 akapeleka karatasi saba katika mnada wa Christie's mjini London, na nyingine zikafuata, kwa wanunuzi binafsi na kwa makumbusho. Kuna wanaomtetea kwa kusema kwamba picha zilizofungwa ndani ya kitabu kimoja zingeonwa na watu wachache mno, na kwamba sasa zinaonwa na maelfu. Hoja hiyo ina ukweli wake, ila ingekuwa na nguvu zaidi kama kitabu kingefumuliwa kwa ajili ya kuonyeshwa, kikabaki mahali pamoja. Kuonyesha hakuhitaji mnada.

Kwa haki lazima niseme kwamba Houghton hakufanya kibaya kuliko wote. Mapema katika karne hiyohiyo dalali wa Paris, Georges Demotte, alipata Shahnama ya zama za Wamongolia, kongwe kuliko hii kwa takriban miaka 200, na alipoona karatasi yenye picha pande zote mbili aliipasua unene wake ikawa karatasi mbili, apate kuuza mara mbili. Maandishi yakaharibika, na mpangilio wa kitabu hicho unajadiliwa hadi leo. Ya Tahmasp angalau ilipigwa picha yote na kuhesabiwa karatasi kabla ya kutawanyika, na kwa hiyo tunajua kila moja ilikuwa wapi.

Houghton alifariki mwaka 1990. Kilichobaki, yaani picha 118, karatasi za maandishi zipatazo 500 na jalada, kilirejea Iran mwaka 1994 kwa njia ambayo mtunzi wa hadithi angeogopa kuibuni. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya Tehran yalikuwa na mchoro wa Willem de Kooning uitwao "Woman III", ulionunuliwa zama za wafalme wa ukoo wa Pahlavi na ambao baada ya mapinduzi ya 1979 haukuweza kuonyeshwa kwa sababu unamwonyesha mwanamke aliye uchi. Mfanyabiashara wa sanaa wa London, Oliver Hoare, akasimamia mabadilishano, na vitu hivyo viwili vikapishana katika uwanja wa ndege wa Vienna. Mwaka 2006 mchoro wa de Kooning uliuzwa kwa dola milioni 137.5, na wapo Wairani waliolalamika kwamba nchi yao ilipunjwa. Sikubaliani nao. Karatasi moja tu ya Shahnama hii iliuzwa London mwaka 2011 kwa pauni milioni 7.4, na nyingine mwaka 2022 kwa zaidi ya pauni milioni 8; atakayezidisha bei hizo kwa 118 ajihukumie mwenyewe, ingawa soko la karatasi hizo limepanda hivyo kwa sababu ya utawanyikaji uleule ninaoulaumu. Zilizosalia, zaidi ya sitini, ziko katika makumbusho na mikusanyiko kadhaa, ikiwemo ya Aga Khan huko Toronto na ya Khalili huko London.

Nije kwenye swali lako la mwisho. Mtu asiyesoma Kiajemi anaweza kupata mengi kutoka karatasi moja, mradi asiitazame kama picha ya kutundikwa ukutani. Atafute kwanza visanduku vya maandishi na ajiulize kwa nini mchoraji amevizungushia jabali au ukuta wa jumba badala ya kuvikwepa. Atafute tafsiri ya beti hizo, ambayo makumbusho makubwa huitoa au huitolea muhtasari, kisha alinganishe: katika picha mna nini ambacho ubeti haukusema? Nyuso ndani ya mawe ya Kayumars hazimo katika Firdausi, ni za Sultan Muhammad. Halafu atazame upande wa pili wa karatasi, ambao mara nyingi ni maandishi matupu na watu hawaujali, ingawa huko ndiko hadithi inakotokea au inakokwenda. Mwisho aangalie namba ya karatasi, kwa kuwa namba hizo ni za mpangilio wa kitabu kilipokuwa kizima, na mwaka 2011 picha zote 258 zilichapishwa pamoja katika juzuu moja kwa kuufuata mpangilio huo.

Kwa darasa la tenzi ningeanza na zile karatasi tatu nilizozitaja, ya 20, ya 22 na ya 23, kwa sababu zinapatikana bure kwenye tovuti za Toronto na New York na zinasimulia mfululizo mmoja. Wanafunzi wako tayari wanajua Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, ambamo vita vyote vinaonekana kwa sikio bila mchoro wowote. Wape beti chache za humo, waulize ni ubeti gani wangeuachia nafasi ya picha na ni upi wangeuacha ndani ya kisanduku, na kwa nini. Huo ndio uamuzi ambao msimamizi wa karakana ya Tabriz aliufanya mara 258.